Picha za Waazteki zilichorwa na Wanahua

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Waazteki niliisoma yote, lakini maelezo ya picha yaliniumiza. Mliandika "picha ya Mendoza", kana kwamba yule makamu wa mfalme wa Hispania, anayedhaniwa tu kuwa ndiye aliyeiagiza kazi ile, ndiye pia aliyeshika brashi. Mimi huchora vitabu vya watoto, na hilo siwezi kulinyamazia.

Picha hiyo imetoka katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha kale cha picha. Kodeksi hiyo, iliyoko sasa maktaba ya Bodleian mjini Oxford, ilichorwa Mexico yapata mwaka 1541 kwa mikono ya wenyeji, yaani Wanahua, watu wa lugha ya Kinahuatl ambao Waazteki walikuwa miongoni mwao. Kwa Kinahuatl mtu wa kazi hiyo aliitwa tlacuilo, mchoraji na mwandishi kwa pamoja. Tazameni kurasa za malezi: baba na mwanawe upande huu, mama na bintiye upande ule, na vidoti vya buluu vinavyohesabu umri wa mtoto. Wa miaka 3 amechorewa nusu chapati ya mahindi, ndiyo posho yake ya mlo. Wa miaka 13 amechorewa mbili. Mtundu wa miaka 11 anashikiliwa juu ya moshi wa pilipili, na machozi yanamtoka. Machozi hayo nimejaribu kuyaiga mara nyingi. Ni matone machache tu, lakini kilio unakisikia.

Maelezo ya Kihispania yaliyomo katika kodeksi hiyo je? Aliyeyaandika aliomba radhi mwenyewe mwishoni: tafsiri ilimfikia siku 10 kabla ya meli ya kwenda Hispania kung'oa nanga, akayaandika mbiombio. Picha zilitangulia, maneno yakafuata.

Hata kitabu kikubwa cha mtawa Mhispania Sahagún kuhusu maisha ya Wanahua, chenye sehemu 12 na kilichohifadhiwa Florence, kina jasho la wasomi wa Kinahua kama Antonio Valeriano, bila kusahau wachoraji. Mwaka 1576 tauni iliwafyeka watu wakati kazi ikiendelea. Katika sehemu ya 12, inayosimulia uvamizi wa Wahispania, picha nyingi hazina rangi, na mojawapo inaonyesha wagonjwa wa ndui wamelala mikekani, miili imejaa vipele. Waliochora hayo walikuwa wakiandika msiba wa kwao.

Naomba toleo lijalo lirekebishe maelezo ya picha yasomeke hivi: "Kazi ya wachoraji wa Kinahua, Mexico, yapata 1541."

Mchoraji wa vitabu vya watoto