Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekaa benchi Chake Chake

Mpwa wangu, assalaam alaykum.

Nasikia unataka kuacha mpira wa kikapu kwa kuwa kocha hukuingiza dakika za mwisho tu. Kabla hujarudisha jezi, mtazame Steve Kerr. Alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu 15, mechi 910, na alianza mechi 30 tu. Wastani wake ulikuwa pointi 6 kwa mechi. Hata hivyo alitwaa ubingwa mara tano: mara tatu na Chicago Bulls (1996, 1997, 1998) na mara mbili na San Antonio Spurs (1999, 2003). Mwaka 2014 akawa kocha wa Golden State Warriors, akaongeza mataji manne.

Hakuwa na umbo la kutisha. Ana mita 1.91, goti lilimharibikia mwaka 1986 akiichezea timu ya Marekani, na mwaka 1988, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 50. Alichokuwa nacho ni shabaha, na benchi alilikalia kwa macho mawili, pembeni ya makocha wake, Phil Jackson wa Bulls na kisha Gregg Popovich wa Spurs. Fainali ya 1997, mechi ya sita, Bulls na Utah Jazz walikuwa 86 kwa 86. Kwenye taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoomba kocha, nyota wa Bulls Michael Jordan alimwonya Kerr kwamba John Stockton wa Jazz huenda akamwacha ili aje kumbana yeye Jordan. Ikawa hivyo: pasi ikatoka, Kerr akafunga zikiwa zimebaki sekunde tano. Tayari alijua mlinzi gani atahama na wapi patabaki wazi.

Alipopewa Warriors, timu hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika NBA kwa idadi ya pasi. Akaweka lengo la pasi 300 kwa mechi. Mechi zao ni dakika 48 na zenu ni 40, kwa hiyo kipimo hicho kwenu ni pasi 250, kama 62 kwa kila robo.

Basi chukua daftari. Gawa ukurasa safu nne, moja kwa kila robo, na kila pasi ya timu yako ipige mstari. Lakini pasi za wachezaji wenu wawili wanaorudishiana mpira juu ya mstari wa pointi tatu zitakudanganya: idadi inapanda, ulinzi wa wapinzani haujasogea hata hatua, na sekunde 24 mnazopewa kurusha zinayoyoma. Kwa hiyo pasi iliyomlazimisha mpinzani kugeuza kichwa au kuhama itie duara. Mwisho wa robo linganisha maduara na vikapu. Andika pia faulo za wapinzani, maana kuanzia ya tano katika robo, faulo yao ya ulinzi inawapa ninyi mitupo miwili ya adhabu, na hapo ndipo pa kuingia ndani badala ya kurusha kutoka mbali. Mchezaji wao mwenye faulo nne mwekee alama: ya tano anatoka.

Jambo moja zaidi kuhusu Kerr, na mimi ndilo ninalolithamini kuliko yote. Msimu wake wa kwanza alimweka benchi Andre Iguodala, aliyekuwa ameanza kila mechi tangu aingie NBA. Katika fainali ya 2015 walikuwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland Cavaliers. Msaidizi kijana, Nick U'Ren, akapendekeza Iguodala aanze badala ya Andrew Bogut, aliye mrefu zaidi. Kerr akakubali, wakashinda mechi tatu mfululizo, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Daftari usimpelekee kocha katikati ya mechi. Anazo taimauti mbili tu nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, kila moja dakika moja. Mpe baada ya mazoezi, ukurasa mmoja, umeandika robo gani na upande gani wa uwanja. Na robo ya nne ikikaribia, simama unyooshe miguu na mabega. Goti lililopoa kwenye benchi la saruji halitaki kukimbizwa ghafla.

Wasalaam,
Mjomba wako, Unguja