Dereva mzee aliyekosa asifukuzwe kwenye bima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wazee wengi wa Uganda ambao bado wanaendesha magari yao wenyewe, nami nikiwa mmoja wao kwa umri wa miaka 71.

Miaka mitatu iliyopita, nikitoka Kampala kurudi Jinja, nilikosa subira ndani ya msitu wa Mabira nyuma ya lori la miwa, nikalipita kwenye kona mahali ambapo mstari wa katikati unakataza. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akija mbele yangu alikwepa akaingia mtaroni, akavunjika mguu. Kosa lilikuwa langu, nilikiri mahakamani, na faini niliilipa. Sitafuti huruma kwa hilo, na hadi leo nikifika kwenye kona ile moyo hunidunda.

Wakati huo gari langu lilikuwa na bima kubwa, na ndiyo iliyolipia upasuaji wa kijana yule pamoja na miezi aliyokaa bila kazi. Mwaka uliofuata kampuni iliniongezea ada kwa nusu nzima. Nililipa bila kunung'unika, kwa kuwa aliyeongeza hatari ni haki achangie zaidi. Ila mwaka wa pili, ingawa sikuwa nimepata hata mkwaruzo, niliambiwa kwa mdomo, bila barua, kwamba mtu wa umri wangu mwenye kosa kama lile hawamchukui tena. Kampuni mbili nyingine nilizoziendea zilitazama tarehe yangu ya kuzaliwa na jibu langu kuhusu hukumu, zikanirudishia fomu. Wakala mmoja alinishauri nisiitaje hukumu hiyo kabisa, ushauri ambao nawasihi wazee wenzangu wasiufuate, kwa maana mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba, na aliyeficha jambo kubwa anaweza kunyimwa malipo siku ile ile anapoyahitaji.

Sasa natembea na stika ya bima ya lazima peke yake, na hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Stika hiyo hutozwa kwa kufuata aina ya gari, haiulizi dereva ana miaka mingapi wala amewahi kushtakiwa kwa nini, hivyo kwa askari wa barabarani mimi ni mtu aliyetimiza sheria. Lakini sheria ya bima hiyo ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha fidia kuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Yeyote aliyewahi kumlaza mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika katika hospitali ya binafsi anajua milioni 1 inaishia wapi. Gharama inayozidi hapo inabaki kwa dereva, na mstaafu anayeishi kwa pensheni ataitoa wapi? Kwa hiyo kampuni inapomfungia mlango mzee aliyekosa, mzigo mkubwa unamwangukia mtu asiye na hatia atakayegongwa kesho. Kijana wa Mabira, kama angeumizwa na gari langu leo, huenda angebaki na mguu uliopinda.

Katika majimbo mengi ya Marekani, dereva aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama kuendesha akiwa amelewa, hutakiwa kampuni yake ya bima iwasilishe serikalini hati iitwayo SR-22 kuthibitisha kwamba ana bima, mara nyingi kwa muda wa miaka 3. Ada yake hupanda, tena sana, lakini adhabu ina mwisho unaojulikana, na nia ni kuhakikisha mtu huyo haingii barabarani bila kinga kwa wengine.

Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda izitake kampuni zitoe sababu za kukataa kwa maandishi, na iweke muda maalumu ambao kosa la barabarani linaweza kuhesabiwa katika ada. Kuhusu umri, wanipime. Nipo tayari kupimwa macho na masikio kila mwaka kwa gharama yangu, na kuendesha mbele ya mkaguzi wakipenda, na daktari akisema macho yangu hayafai nitaukabidhi ufunguo kwa mwanangu siku hiyo hiyo. Ninachokataa ni tarehe ya kuzaliwa kugeuzwa kuwa hukumu ya pili juu ya ile niliyokwisha kuitumikia.

Barua yangu ya kuomba sababu kwa maandishi niliipeleka kwa mkono katika kampuni iliyonikataa, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ninayo. Bado sijajibiwa.

Wako mtiifu,
Mstaafu, Walukuba, Jinja