Kromosomu hazitengani kwa kuvutwa tu

Ndugu Mhariri,

Mwanafunzi wa baiolojia akiulizwa kromosomu hutenganaje wakati wa mitosisi, yaani seli moja inapogawanyika kuwa mbili, hujibu kuwa nyuzi za spindeli huzivuta. Hilo ni nusu ya jibu, na tunaomba walimu wenzetu wasilipe alama zote. Kromosomu zikijipanga katikati ya seli, nyuzi huwa tayari zinavuta, kila upande kwake, wala hakuna kinachoachana. Kamba imekaza kama kwenye mashindano ya kuvutana yenye timu zinazolingana. Mambo hubadilika kamba inapokatwa.

Kamba yenyewe ni kohesini, protini yenye umbo la pete inayozifunga kromatidi pacha, yaani nakala mbili za kromosomu moja, tangu DNA inaponakiliwa. Kwa binadamu, pete nyingi za kwenye mikono ya kromosomu huondoka mapema bila kukatwa. Za kwenye sentromia, yaani kiuno cha kromosomu, hubaki hadi dakika ya mwisho. Mkasi wake ni kimeng'enya separasi, nacho hushikiliwa na protini nyingine, sekurini. Sekurini ikiharibiwa, separasi huikata pete na pacha huachana mara moja.

Seli haiharakishi hatua hiyo. Seli yetu ina kromatidi 92, kila moja na kinetokori, yaani mahali nyuzi zinaposhika. Kinetokori moja tu ikibaki bila uzi, protini kama Mad2 huzuia sekurini isiharibiwe. Kosa gumu zaidi ni kinetokori zote mbili za pacha kushikwa na nyuzi za upande mmoja: zimeshikwa, lakini hazina mkazo. Hapo kimeng'enya Aurora B hulegeza nyuzi ili zishike upya. Kikishindwa, seli moja hupata kromosomu 47 na nyingine 45, badala ya 46 kila moja.

Kwa vitendo, mzizi wa kitunguu maji (kromosomu 16) unatosha. Kata milimita 2 za ncha, si zaidi, maana juu ya hapo seli zinarefuka tu. Loweka kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 1, sentigredi 60, dakika 5 hivi, suuza, tia rangi ya aseto-oseini, kisha gandamiza kwa kidole gumba bila kuburuza. Ukiruka asidi, seli hung'ang'aniana na huoni kitu. Seli zilizo kwenye anafezi, yaani hatua ya pacha kuachana, zitakuwa chache kwa sababu pete zikishakatwa, safari ya kwenda pembeni ni fupi.

Walimu wa baiolojia,
Kigoma