Redio za valvu zisichomekwe moja kwa moja ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaoletewa redio za valvu, yaani zile za zamani zenye taa za kioo badala ya transista, zilizokaa kabatini miaka mingi. Ukiichomeka redio ya namna hiyo moja kwa moja kwenye volti 230, shoti ndogo tu ya ndani yaweza kuunguza transfoma, na mbadala wake ni shida kuupata. Tengenezeni kwanza taa ya mfululizo, yaani balbu inayofungwa kwenye njia ya umeme uendao redioni ili izuie umeme mwingi kupita kukiwa na shoti.

Inahitaji ubao mkavu, holda ya balbu, soketi, swichi na fyuzi ya ampea 1. Laivu ipite kwenye fyuzi, swichi, kisha balbu, ndipo ifike kwenye soketi. Nyutro iende moja kwa moja. Balbu iwe ile ya zamani yenye uzi ndani, wati 60. Ya LED haifai kabisa, na ya wati 25 huinyima redio umeme hadi valvu zisipate moto.

Ukiwasha, balbu itang'aa kisha ififie. Hiyo ni dalili njema. Iking'aa bila kupungua, zima, kuna shoti. Ila balbu ikififia, msiwe na haraka ya kusema redio ni nzima! Kwenye redio yenye valvu ya rektifaya (ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC), kama EZ80, volti kubwa haiji mpaka valvu hiyo ipate moto, kwa hiyo subirini nusu dakika. Balbu ikififia halafu mwanga ukapanda tena, anzeni kwa kukagua kapasita za kuchuja, zile kubwa zinazotuliza umeme wa DC.

Kisha pimeni volti ya gridi (mguu wa kuingizia sauti) ya valvu ya mwisho inayoendesha spika, mathalani EL84, dhidi ya chasisi, yaani fremu ya chuma ya redio. Ikionyesha volti chanya, kapasita ya karatasi inayoileta sauti hapo inavuja. Hunyonya unyevu, na pwani yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Wekeni ya plastiki ya thamani ileile, volti 630, la sivyo valvu itazidiwa na kuiunguza transfoma ya spika.

Taa hii haimkingi fundi. Redio zisizo na transfoma ya umeme, zenye valvu kama UCH81 na UL84, chasisi yake yaweza kuwa laivu na kumpiga mtu umeme. Na hata baada ya kuchomoa, kapasita hubaki na chaji. Msiipige shoti kwa bisibisi. Fungeni rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kwenye waya wenye vibanio, ishikizeni kwenye ncha mbili za kapasita sekunde tano, kisha hakikisheni kwa mita.

Vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi vingewafaa sana vijana kama vingewafundisha kuunda vifaa hivi viwili.

Fundi redio,
Mikindani, Mtwara