Kwa Mdogo Wangu Mwenye Nywele Mpya

Mdogo wangu,

Salamu mbele, ingawa si wewe uliyenifanya nishike kalamu. Ni mwanangu. Juzi alivuka kutoka Mokowe kuja huku Lamu, chuo kimefungwa, akakaa nami barazani akaniinamishia kichwa kama anayetaka kunyolewa. "Baba, tazama hapa." Nikatazama. Kwenye pembe mbili za paji nywele zimerudi nyuma, na utosini ngozi yaanza kuonekana kama fungu la mchanga maji yakipwa. Ana miaka 23. Mimi zangu zilianza nikiwa na 25, wewe 28, za baba hatukuwahi kuziona. Kisha akanipa simu. Picha zako, kabla na baada ya kupandikizwa nywele, na namba ya kliniki ya Istanbul. Chini umemwandikia, "Usimwambie babako."

Ameniambia.

Wanaonisoma hapa wamezoea habari za kofia: uzi gani, kitambaa gani, nani bado anashona kwa mkono. Wanisamehe leo. Nimekuandikia kwa simu mara nne nikafuta mara nne, na dada yetu amechoka kuulizwa "hajambo huyo?" na pande zote mbili. Ndiye aliyeponyokwa na neno kwamba wewe husoma humu, usiku, kimya. Basi soma.

Nianze na haki yako. Kazi ni nzuri. Niliikuza ile picha mpaka nikaona kila shina, na jicho langu unalijua, ni la mshona vito vya kofia. Mstari wa mbele haukupigwa rula. Umeyumba kidogo, kama wa mtu aliyezaliwa nao. Mbele kabisa wametia mashina ya unywele mmoja mmoja, nyuma yake yenye nywele mbili, tatu. Sisi kwenye kofia hutoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, miezi. Wao wanazungushia kila shina la kisogoni mrija usiofika upana wa milimita moja, wanalitoa na mzizi wake, wanalipanda mbele kwa pembe ile ile nywele inayolalia. Mashina 2,800 kwa siku moja, alivyoniambia dada. Mimi kofia moja hunila miezi saba na bado mteja analia bei.

Siri yote iko kisogoni. Mwili huitengeneza homoni iitwayo DHT kutokana na testosteroni, na kwa sisi tuliorithi kwa baba homoni hiyo huyasinyaza mashina ya mbele na ya utosini, kila mzunguko unywele unatoka mwembamba kuliko wa jana, mpaka unakuwa unyoya wa malaika tu, kama wa mkononi. Ya kisogoni hayajali. Daktari mmoja wa New York, Norman Orentreich, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba ukilihamisha shina la kisogoni likaenda mbele linabaki na tabia ya kwao. Kama mtu wa Pate: mpeleke utakako, lafudhi haimtoki.

Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba mwanangu si wewe. Wewe ulichukua nywele za bibi mzaa mama, nywele za singa, zinalala kama mkeka. Mwanangu amechukua za mamake, kipilipili safi. Shina la nywele za kipilipili limepinda ndani ya ngozi kama ndoana. Ule mrija ukiingia wima unalikata njiani, na shina lililokatwa mara nyingi halioti, mbele wala kisogoni. Inahitaji fundi aliyezoea vichwa vya watu weusi, na wenye busara hujaribu mashina machache kwanza. Tena unakumbuka kidonda chake cha sikio, kile kilichovimba kovu likawa kubwa kuliko jeraha? Mtu wa ngozi hiyo haendi kutobolewa kichwa mara elfu mbili kabla daktari wa ngozi hajamtazama. Hukumuuliza. Ulimtumia namba na picha.

Na ana miaka 23! Upara wake haujaamua utaishia wapi. Akipanda mbele leo, nyuma yake zitaendelea kuanguka, na akifika 35 atabaki na kisiwa cha nywele kwenye paji na bahari pande zote. Arudi tena kisogoni? Kisogo ni akiba isiyojazwa. Shina likitoka pale halioti jingine.

Kabla ya kutoboa kuna dawa. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaota nywele pasipotarajiwa, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Finasteridi ni ile aliyokuwa akimeza baba kwa tezi dume, miligramu 5. Ya miligramu 1 iliidhinishwa kwa nywele mwaka 1997. Inazuia ile DHT isitengenezwe kwa wingi. Wachache huwapunguzia hamu na nguvu za ndoa, na wapo wanaosema waliacha dawa na hali haikurudi. Kijana ambaye hajaoa aambiwe hilo na daktari, ana kwa ana. Na wewe, kama unaimeza bado: inakishusha kile kipimo cha damu cha saratani ya tezi dume karibu nusu, kwa hiyo unaweza kuambiwa uko salama na kumbe si salama. Unakaribia 45 na una damu ya baba. Mwambie daktari unaimeza. Usione haya.

Zote mbili hufanya kazi unapozitumia tu. Ukiacha, ndani ya miezi kile ulichopata kinaondoka.

Utauliza nimejuaje. Haya. Mimi niliyekucheka ulipokuwa ukijipaka habasoda na maji ya kitunguu mpaka mto wako ukanuka kachumbari, nilikuwa na chupa ya minoksidili nyuma ya sanduku la nyuzi. Miezi mitano, asubuhi na usiku. Wiki za mwanzo nywele zilizidi kuanguka, ndivyo inavyofanya, nikadhani nimetapeliwa. Mwezi wa nne zikaja kama za mtoto mchanga. Nikawa najitazama kwenye kioo cha mama akishuka kwenda sokoni. Unamkumbuka Sultani, paka wake? Alikuwa akilala kwenye mto wangu mchana. Siku moja akawa hali, hatembei, anahema kinywa wazi, siku ya pili amekufa. Nilimwambia mama kala panya aliyekula sumu kwa jirani. Mama hakusema na yule jirani mwezi mzima. Miaka ikapita ndipo nikasoma kwamba tone la dawa ile linaweza kumuua paka, hata la kulamba kwenye manyoya yake baada ya kulalia mto. Mui huu, mji mzima, ni paka, na sikujua. Sikujua, nasema. Chupa niliitupa kwa sababu nyingine, Ramadhani iliingia nikachoka, na nywele zikaenda zake.

Hilo hata dada halijui. Sasa analijua.

Sasa ile Ijumaa ya mama.

Jumatano nilikupigia. Nikakwambia pumzi zinamkatika mama, njoo. Ukasema uko Nairobi, una homa, utakuja Jumamosi. Homa hukuwa nayo. Ulikuwa umeshuka usiku ule kutoka Istanbul, siku ya pili baada ya kupandikizwa, unangoja uso ushuke uvimbe. Alhamisi ndege ya kuja Manda ilikuwa na viti. Niliuliza baadaye, ndiyo, nilikwenda nikauliza, ndivyo nilivyo. Alhamisi yote mama alikuwa akifumbua macho kila mlango ukilia. "Mekuya?" Amekuja? Mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia uko kwenye mashua.

Alituondokea Ijumaa kabla ya alfajiri. Tungemzika baada ya swala ya Ijumaa, tukakungoja mpaka alasiri. Ukaingia uso umejaa, macho yamefumba, kope mbili kama maandazi. Yale maji ya ganzi waliyokuchoma kichwani huteremka siku ya tatu, ya nne, yakatua machoni. Nilijua, dada alikuwa ameninong'oneza mchana. Wanawake hawakujua. Wakapiga yowe: maskini, tazameni huyu, kalia mpaka macho hayafunguki. Na mimi niliyemgeuza ubavu siku tatu, niliyemtia maji kwa kijiko, macho makavu kama gome, nikasikia mmoja akisema, "Kaka mtu ana moyo mgumu."

Msikitini uliswali alasiri juu ya kiti, sababu kusujudu kungesugua mashina. Swala ya maiti haina sujudu, hiyo ulisimama. Ulikuwa begani kwangu. Nikatoa mfukoni ile kofia niliyokushonea, unaijua, nikakwambia ivae umzike mama nayo. Ukarudisha kichwa nyuma kama niliyekuinulia ngumi. Ukabaki na kile kikofia cha kitambaa cha kliniki. Ukambeba mama kwa hatua tatu, ukampisha mwingine.

Usiku, baada ya hitima, baraza imejaa, mzee mmoja akakunyooshea kidole akawaambia vijana, "Mlilieni mama kama huyu." Nikainuka nikakuvua kikofia.

Nimelieleza hilo kwa watu wengi. Nimesema sikuwa nimelala. Nimesema uchungu. Nimesema sikujua kilicho chini, na huo ni uongo kama wa sumu ya panya. Lakini wewe ungekuwa mimi? Ungekaa? Siku tatu nakupigia, unaniambia homa, halafu unasifiwa machozi mbele ya jeneza la mama yangu! Taa ya baraza ilikuwa juu yako. Kichwa kizima vidoa vyekundu na vigaga, mistari mistari, kama mtama ulioatikwa jana. Hakuna aliyesema neno. Mtoto mmoja akacheka. Uliinama polepole, ile namna yenu ya kutoinamisha kichwa, ukaokota kikofia chako. Asubuhi mashua ya kwanza ikakuchukua. Arobaini hukuja.

Baadaye ukampa dada ujumbe aniletee: hata kipara wa Bani Israili aliomba nywele nzuri akapewa, na malaika hakumwambia ni dhambi. Hapo ulisema kweli. Sheikh niliyemuuliza naye alisema nywele zako mwenyewe kurudishwa kichwani mwako si kama kujiunganishia za mtu. Lakini mimi nikakurudishia hadithi mpaka mwisho wake: aliyepewa nywele, na juu yake ng'ombe mwenye mimba, ndiye aliyekuja kumkana malaika yule yule aliposimama mbele yake kwa sura ya kipara kumwomba. Nililipenda sana jibu langu. Nilililetea watu barazani, niliwaambia hata wateja. Siku hizi nikilisema katikati namwona Sultani anahema.

Mwanangu atakuja Nairobi mwezi ujao kukuona. Sitamzuia. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, na huyu wamenyolewa wenziwe wawili. Lakini umwonyeshe kila kitu. Mwonyeshe kisogo chako, zile nukta nyeupe ambazo picha hazina. Mwonyeshe picha ya wiki ya sita, zilipoanguka zote ukampigia dada unalia umeliwa pesa, maana hakuna aliyekukumbusha kwamba nywele zilizopandwa huanguka kwanza, huanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne, na hukamilika kama mwaka. Mwambie laki tatu na ushee, bila tiketi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi kabla hujampeleka kwa mtu wa kliniki. Na kuhusu mimi mwambie utakalo. La baraza analijua, alikuwa na miaka 21, alikuwa ameshika birika la kahawa.

Kofia bado ninayo. Niliishona kwa inchi 22, kipimo cha kichwa chako cha zamani, na sasa kuna nywele chini yake, itakubana. Ukingo naweza kuufumua niongeze. Duara la juu silifumui, vito vyake sitavirudia kwa macho haya. Mpe kijana kipimo aniletee. Zungusha uzi juu ya masikio, upite kwenye paji, usikaze.