"Si umeweka mafuta tu?" Hapana, na hii ndiyo kazi yenyewe

Wiki hii tena mteja ameondoka amenuna kwenye karakana yetu ya kutengeneza ala za muziki. Tromboni yake, ala ya kupuliza yenye valvu ya F (kifaa kinachoshusha sauti kwa kurefusha njia ya hewa), ilikuwa na triga ngumu, yaani kile kitufe cha kidole gumba kinachoendesha valvu, na alipoona bili akauliza: "Si umeweka mafuta tu?" Swali hili tumelisikia mno, na linatuuma.

Ndani ya valvu kuna rota, kipande cha shaba kinachozunguka robo duara na kuipeleka hewa kwenye bomba la ziada. Mpango huo wa kuunganisha sauti mbili za msingi, B bemoli na F, katika tromboni moja ulibuniwa na Sattler wa Leipzig mwaka 1839. Nafasi kati ya rota na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele. Mate yakikauka humo huacha chokaa, shaba hutoa kutu ya kijani, na grisi ya mabomba huteleza ikajichanganya nayo. Ukimwagia mafuta mapya juu ya utope huo, triga italainika siku mbili, kisha ikwame kuliko mwanzo.

Sisi tunalegeza skrubu ya mkono wa kizuizi (kipande kinachoisimamisha rota mahali pake) mizunguko michache bila kuitoa, tunaigonga taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka kibamba cha beringi, yaani bamba dogo linaloshikilia ekseli ya rota, kisukumwe nje kwa upande wa nyuma. Rota inaloweshwa, inasafishwa, inakaushwa. Kukirudisha kibamba ndiko kunakokula muda: alama kwa alama, kikae sawa pande zote. Kikiegemea kidogo tu, rota haizunguki. Halafu tunakagua vipande vya mpira vinavyoisimamisha rota. Vikichakaa, matundu hayakutani vizuri na sauti inakuwa kama imezibwa. Mpigaji mmoja alihangaika na pumzi zake miezi kadhaa, kumbe ni mpira uliobonyea.

Wako wanaojaribu wenyewe. Kuna aliyetoa skrubu yote akagonga ekseli ya rota kwa nyundo ya chuma. Ncha ikatanuka, rota ikagoma kutoka, na alilipa mara kadhaa ya gharama ya usafi wa kawaida. Mwingine alichokonoa kibamba kwa bisibisi. Mikwaruzo ile haifutiki. Wa mafuta ya bawaba za mlango hata hawahesabiki: yanakauka na kuacha gundi.

Nyumbani fanya haya tu. Kila wiki, matone machache ya mafuta mepesi ya rota yaingie ndani ya valvu yenyewe, yasipitie juu ya grisi ya bomba la kupatanishia (lile la kuvuta ili kurekebisha sauti), maana yataikokota hadi kwenye rota. Fungua kifuniko cha nyuma, weka tone moja la mafuta mazito kidogo kwenye beringi, na jingine chini ya mkono wa kizuizi. Ukivuta bomba la F, bonyeza triga kwanza, hewa isikabane ndani.

Kuanzia sasa, rota ya mteja ikitoka tutamwita aione kabla hatujaiosha.