Bwawa la Kinu cha Sarehole: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Birmingham. Sisi wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Baba yako anakusalimu.

Juzi uliniuliza kwa nini kinu cha Sarehole, ambacho tangu utotoni umeambiwa kinaendeshwa na maji, kina dohani ndefu ya matofali. Swali lile halijibiki kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Mto Cole unaujua: mwembamba, hauna haraka. Peke yake hauwezi kuzungusha gurudumu zito kutwa nzima. Kwa hiyo watu wa zamani walichimba bwawa nyuma ya kinu. Usiku kinu kikiwa kimelala, maji yanaingia na kujaa taratibu. Asubuhi mwenye kinu anainua lango la mbao, maji yanamwagika na kulisukuma gurudumu kwa uzito wake, gurudumu linazungusha mhimili, meno ya mbao na chuma yanashikana, na ndani jiwe la juu linazunguka juu ya jiwe la chini lisilosogea. Bwawa likishuka, kazi imekwisha, hata kama magunia ya watu bado yamepangwa mlangoni. Wageni hupiga picha gurudumu. Mimi kila nikienda husimama bwawani, maana nguvu yote inawekwa pale.

Pale pamekuwa na kinu tangu 1542. Kiliwahi kuitwa kwa jina la mmiliki wake wa zamani, Biddle. Jengo tunaloliona sasa ni la 1771. Sarehole kilikuwa kijiji hasa, na mashamba pande zote, hadi Birmingham ilipokimeza mwaka 1911. Wala usidhani palisagwa ngano tu. Maji yale yale yalinoa visu na zana, yakasaga mifupa kuwa mbolea ya mashamba.

Mwaka 1755 kinu kilikodishwa kwa Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Birmingham, na gurudumu likawekwa kwenye kazi ya kukandamiza chuma kiwe bamba. Mwaka 1761 alihamia Soho, upande mwingine wa mji, akajenga kiwanda kikubwa. Huko nako kijito kilimwangusha: kiangazi maji yalipungua na magurudumu yakasimama. Shida hiyo ni mojawapo ya zilizomvuta kwa James Watt, fundi aliyeiboresha injini ya mvuke, wakaanza ushirika mwaka 1775. Na unajua injini yao ya mvuke pale Soho ilipewa kazi gani? Kupandisha maji yaliyokwisha kupita kwenye gurudumu, yarudi tena bwawani. Pale mvuke ulianza kama mtumishi wa bwawa, mwanangu. Jambo hili hunifurahisha kila ninapolifikiria.

Basi dohani ndiyo hiyo. Katika miaka ya 1850 kinu cha Sarehole nacho kilifungiwa injini ya mvuke, ili mawe yaendelee kuzunguka maji yanapopungua. Gurudumu halikung'olewa. Maji yakitosha yalitumika, yasipotosha moto uliwashwa.

Mwaka 1896 mjane mmoja kijana, Mabel Tolkien, alipanga nyumba jirani na kinu akiwa na wanawe wawili. Walikuwa wamezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, na baba yao alifia huko wakati wao wako Uingereza. Nami niliyekulea mbali na kwetu humfikiria sana mama yule. Mwanawe mkubwa, Ronald, alikuwa na miaka minne. Kwa miaka kama minne watoto wale walicheza kando ya bwawa na kumkimbia kijana wa mwenye kinu, aliyekuwa mweupe kwa vumbi la mifupa kama zimwi. Ronald ndiye J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, ambaye vitabu vyake ulivisoma usiku kucha badala ya kulala.

Kinu kiliacha biashara mwaka 1919. Kisha kikaachwa, kikachakaa. Wenyeji ndio waliosimama kukitetea kisibomolewe, wakachangishana, na Tolkien mwenyewe, akiwa mzee, alitoa mchango. Kilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1969, na baada ya ukarabati wa 2012 na 2013 kinasaga tena unga. Nawaheshimu wale majirani kuliko Boulton na utajiri wake wote.

Ila nataka ulione hili. Kuta zikishatengenezwa hukaa miaka mingi. Bwawa halikai. Kila mvua huleta udongo na majani, na bwawa lisilozolewa tope hugeuka kinamasi. Hapo gurudumu linabaki pambo. Kazi hiyo haina jiwe la ufunguzi wala hotuba, na hakuna anayekumbuka majina ya walioingia matopeni kwa karne hizo zote.

Wewe sasa uko Shinyanga na kazi ya malambo, ambako mvua ni ya msimu na ng'ombe wenyewe huingia majini na kukanyaga kingo. Katika mpango mliouandika, mmetaja nani atazoa tope miaka ijayo, na kwa fedha ipi? Kama hamjataja, kaeni na wazee wa kijiji mliandike kabla katapila halijaondoka. Halafu nijibu walisemaje.

Mama yako akupendaye